Je, Wajua? Babu wa Kibwezi, Katika Karatasi na Katika Damu

Je, wajua kwamba ukiingia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi ukaomba mafaili ya zamani ya Makueni, utarudi karibu mikono mitupu? Wilaya ya Makueni iliundwa mwaka 1992. Kabla ya hapo Kibwezi, Makindu na Mtito Andei zilihesabiwa kuwa Machakos, kwa hiyo ukimtafuta babu wa Kibwezi omba mafaili yanayoanza na herufi DC/MKS. Ikiwa ukoo ulitoka ng'ambo ya mto Athi, pande za Ikutha na Mutomo, omba DC/KTI, yaani Kitui. Hifadhi yenyewe iko Moi Avenue, ndani ya jengo lililokuwa la Benki ya India, na ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965. Wengi hupita mlangoni pake kila siku wakikimbilia matatu, bila kujua kwamba huenda jina la mzee wao limelala humo ghorofani.

Je, wajua kwamba tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho cha nyanya yako huenda ni makisio ya karani? Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulianza na Wazungu na Wahindi, kisha ukapanuliwa wilaya baada ya wilaya, na haukuenea Kenya nzima hadi 1971. Mzee aliyefika kuandikishwa bila cheti alikadiriwa mwaka kwa kutazamwa uso, au kwa kuulizwa mtoto wake wa kwanza ana umri gani.

Hata hivyo Wakamba walikuwa na kalenda yao, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko kitambulisho. Kila njaa kubwa ilipewa jina, na jina likawa tarehe. Ngomanisye, njaa iliyokumba kila mahali, ilipiga kuanzia mwaka 1898, wakati reli inakatiza Ukambani, na ndui ikaja juu yake. Ndeke ni ya 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka kwenye ndege. Nikwa Ngwete ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipokuwa na fedha mkononi na maduka hayana cha kuuza. Ukikaa na mzee usimuulize alizaliwa mwaka gani. Muulize wakati wa Ndeke alikuwa akichunga mbuzi au ameshaoa. Muulize mama yake alisimulia nini juu ya Ngomanisye, na nani katika ukoo alikwenda asirudi. Kwa maswali mawili au matatu ya namna hiyo utampata mtu ndani ya miaka michache, jambo ambalo karani wa 1971 hakuliweza.

Majina nayo yanasema. Mutuku na Nduku walizaliwa usiku, Kioko alfajiri, Wambua na Mumbua mvua ikinyesha. Kyalo huashiria safari, Makau vita. Musyoka amerudi, na mara nyingi nyuma yake pana kifo cha aliyemtangulia. Lakini jihadhari: mtoto wa Kikamba hupewa jina la babu au nyanya, kwa hiyo Mutuku unayemwona kwenye karatasi ya 1920 huenda si Mutuku wako. Anaweza kuwa babu yake, au mjukuu wa mwingine kabisa aliyezaliwa mchana. Jina moja peke yake halitoshi kumtambua mtu. Litafutie jina la baba, la kijiji na la mbai, yaani ukoo.

Je, wajua kwamba familia nyingi za Kibwezi si za Kibwezi kwa asili? Milima ya Mbooni, Kilungu na Nzaui ndiyo iliyowamwaga bondeni ardhi ilipobana, hasa baada ya uhuru, na wengine walifika baada ya kuondolewa milima ya Chyulu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kupewa mashamba Masongaleni. Mzee aliyezikwa Kikumbulyu, pande za Kibwezi, huenda alibatizwa Mbooni na kulipa kodi Kilungu. Ukitafuta karatasi zake Kibwezi tu, utamkosa.

Kikumbulyu lenyewe ni jina kongwe kwenye maandishi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipita huko mwaka 1849 akitokea Rabai kwenda Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba mwaka huohuo akauona Mlima Kenya kutoka Kitui. Kivoi aliuawa 1851 katika safari ya pili ya Krapf, msafara wao ulipovamiwa karibu na mto Tana. Tuna maelezo ya kifo chake kwa sababu mgeni mwenye kalamu alikuwepo. Wakamba wangapi wengine walikufa njiani na pembe za ndovu mabegani, katika karne hiyohiyo, bila mtu wa kuandika?

Wengine hawakufa, walibaki Pwani. Misafara ya biashara na njaa za karne ya 19 ziliacha Wakamba Rabai na Mariakani, na miaka ya 1950 wengine wakahamishiwa Shimba Hills, Kwale. Ukipima vinasaba ukaambiwa una binamu Kwale, usidhani maabara imekosea.

Je, wajua kwamba Kibwezi ilikuwa na misheni kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli? Mwaka 1891 wakurugenzi wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, Sir William Mackinnon na Alexander Low Bruce, mkwe wa Livingstone, walimtuma Dkt. James Stewart wa Lovedale kuanzisha Misheni ya Waskoti hapo. Malaria iliwaandama. Daktari wao David Charters alitoweka porini 1894. Mwaka 1898 misheni ikahamia Kikuyu, mahali ambapo leo tunapajua kwa jina la Thogoto, na 1901 ikachukuliwa na Kanisa la Scotland. Kumbukumbu za misheni za kanisa hilo zimehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Barua za watu wa misheni ya namna hii hutaja wapagazi, wapishi, wanafunzi na wagonjwa, mara nyingi kwa jina moja lililoandikwa kwa tahajia ya ajabu. Ikiwa kwenu husemwa kwamba mzee fulani aliwafanyia kazi Waskoti, simulizi hilo lina mahali pa kulipeleka.

Jambo dogo la pembeni: John Paterson wa misheni hiyohiyo alipanda Kibwezi mbegu za kahawa kutoka Aden, miongoni mwa kahawa za mwanzo kabisa nchini. Kahawa nayo imepimwa nasaba. Aina mbili zinazosifika Kenya, SL28 na SL34, zinakaribiana kwa jina. Vipimo vya vinasaba vikaiweka SL28 karibu na kundi la Bourbon na SL34 karibu na kundi la Typica. Mmea una bahati: hauna ndugu wa kukasirikia matokeo.

Waskoti hawakuwa peke yao. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika Nzaui mwishoni mwa 1895. Desemba 1896 alikuwa ameshafariki kwa homa.

Je, wajua kwamba picha ya nyanya wa nyanya yako huenda iko Ujerumani? Walutheri wa Ujerumani walifungua kituo Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Mulango karibu na Kitui mwaka 1899. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa, na vituo vyao vikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Picha walizopiga zilibaki kwao, na nyingi sasa zimewekwa kwenye mkusanyiko wa picha za wamisionari unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Kutoka Kibwezi hadi Ikutha siku hizi ni lami. Chukua nakala za picha hizo, zipeleke kwa wazee wa Ikutha ungali na muda, uwaache watazame shanga, mitindo ya kunyoa na meno yaliyochongwa. Mara nyingi maelezo ya mmisionari chini ya picha husema "mwanamke wa Kikamba" na kuishia hapo. Anayeweza kuongeza jina yuko kijijini, na ana miaka tisini.

Reli sasa. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba kujenga reli ya Uganda, 1896 hadi 1901. Karibu 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 walibaki Afrika Mashariki. Hekalu la Kalasinga lililojengwa Makindu mwaka 1926 ni alama yao, na wasafiri wengi wa barabara ya Mombasa wamewahi kula chakula chake bila kulipa. Kwa sababu walikuja kwa mkataba, vizazi vyao vina pa kuanzia: kila mkataba ulikuwa na jina la mtu.

Je, wajua kilichotokea kwa Waafrika waliofanya kazi kwenye reli hiyohiyo? Chukua simba wawili wa Tsavo, walioua watu kuanzia Machi hadi Desemba 1898, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Kibwezi. Msimamizi wa daraja, John Henry Patterson, aliandika kwamba waliuawa Wahindi 28, na Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa. Miaka ya baadaye akataja watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemikali ndani ya mifupa na manyoya ya simba hao, wakakadiria walioliwa kuwa kama 35. Kati ya 28, 35 na 135 kuna watu wa Ukambani, Taita na Pwani ambao mwajiri hakuona haja ya kuwaandika. Siwezi kulisoma jambo hili nikanyamaza. Karatasi za ukoloni zilimkumbuka mtu kwa kadiri alivyolipwa, na mtafutaji wa nasaba lazima alijue hilo kabla hajaamini kwamba kutokuwepo kwa jina ni kutokuwepo kwa mtu.

Simba hao wako Chicago, katika Field Museum, walikouzwa miaka ya 1920. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakishirikiana na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha matokeo ya kupima nywele zilizokwama ndani ya meno yaliyovunjika ya simba hao. Zilikuwa za twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu, na binadamu. Ya twiga waliifuatilia hadi kwenye aina ya twiga wa kusini mashariki mwa Kenya. Ya binadamu waliithibitisha kuwa ya binadamu, wakasimama. Walieleza kwamba huenda wajukuu wa marehemu wanaishi katika eneo hilo hadi leo, na kwamba hatua inayofuata ni ya kupangwa pamoja na jamii zenyewe. Nawapongeza kwa moyo wote. Unywele huo ni wa mtu mwenye kwao, na huenda kwao ni Kambu, Mtito au Voi.

Linganisha na Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, aliyechukuliwa na simba ndani ya behewa kituoni Kima, hapohapo Makueni, Juni 1900. Behewa lake limehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi.

Je, wajua kwamba kipande, kile kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa lazima, kilikuwa na historia nzima ya maisha ya mtu? Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, 1919 hadi 1920, kwa kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi. Karatasi iliyokunjwa ndani ilikuwa na jina lake, la baba yake, wilaya, alama za vidole, kila mwajiri, siku aliyoanza, siku aliyoacha, na mshahara. Mwenye nacho hakukipenda. Bila sahihi ya tajiri asingeweza kuhama kazi, na akikikosa angeweza kufungwa. Harry Thuku aliinua Nairobi dhidi yake mwaka 1921 na 1922. Ikiwa kwenu bado kuna kimoja, ndani ya sanduku la bati au kimefungwa kwenye kitambaa juu ya dari, usikisugue kutu wala kukifungua kwa nguvu. Kipige picha kwanza pande zote. Karatasi ya miaka mia moja huvunjikia kwenye mikunjo, na mkunjo ndipo penye jina la shamba la mkonge au la kahawa alikofanyia kazi.

Wakamba wengi walikwenda vitani. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi na ufundi uliolisha Ukambani nzima. Wengine hawakurudi. Uchunguzi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, uliotolewa 2021, ulikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina kwenye kumbukumbu, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Fikiria ukubwa wa tofauti kati ya namba hizo mbili.

Kisha, mwaka 2025, habari njema. Ndani ya hifadhi ya jeshi la Kenya zilipatikana nyaraka za kikoloni zenye majina ya askari zaidi ya 3,000 wa Afrika Mashariki. Mmoja wao alitoka kijiji cha Ukambani. Kwao ilijulikana tu kwamba alikwenda asirejee. Jina lake likaendelea kupewa watoto, kama desturi ilivyo, na swali likarithiwa pamoja na jina. Nyaraka zilisema alikuwa askari wa King's African Rifles na kwamba aliuawa vitani 1918. Familia ilisubiri zaidi ya miaka mia moja kupata mstari mmoja wa wino. Ikiwa mzee wenu naye alikwenda "vita vya Wajerumani", kusanyeni majina yake yote, ya baba na ya kijiji, kwa tahajia zote mnazoweza kufikiria. Karani wa 1916 aliandika alivyosikia.

Siasa nazo ziliacha mafaili. Muindi Mbingu alipowaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kudai ng'ombe wao waliochukuliwa na serikali, alikamatwa na kupelekwa Lamu. Mafaili ya mgogoro huo ni mazito. Kumbuka pia Manyani, kambi ya kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, chini kidogo ya barabara kutoka Mtito Andei: mafaili yapatayo 1,500 ambayo Uingereza iliyaondoa Kenya kabla ya uhuru yalijitokeza 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, na sasa yako London katika mfululizo wa FCO 141.

Je, wajua gazeti ambalo karibu hakuna anayelisoma lakini limejaa mababu? Ni Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa 1899. Matoleo yake ya zamani yamewekwa kwenye intaneti na husomwa bure. Humo ndimo matangazo ya mirathi, kesi moja baada ya nyingine, pamoja na za mahakama ya Makindu. Tangazo ni aya fupi: jina la marehemu, mahali alipoishi, siku na mahali alipofariki, jina la anayeomba kusimamia mali, na uhusiano wake na marehemu, mjane, mwana, ndugu. Kisha siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza. Aya moja ya namna hiyo inaweza kukupa vizazi viwili na kaburi. Watu wanaobadilisha majina yao kisheria nao hutangazwa humohumo, na hiyo imefumbua mafumbo mengi ya mzee "aliyepotea" Mombasa.

Tuje kwenye damu. Nusu ya vinasaba vyako imetoka kwa mama, nusu kwa baba. Babu mmoja anakupa robo hivi kwa wastani, lakini wastani tu. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kurithi vipande tofauti vya babu yuleyule. Ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu, na karibu nusu yao hawana hata kipande kimoja ndani yako. Kwa hiyo kipimo kikimkosa mzee fulani, haimaanishi kwamba hakuwa wako.

Je, wajua kwamba mbai na kromosomu Y husafiri njia moja? Mkamba hurithi ukoo kwa baba: Atangwa, Aombe, Anzauni, Akitondo na nyinginezo, zaidi ya ishirini. Kromosomu Y nayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, karibu bila kubadilika. Wazee wawili wa Anzauni, mmoja Kibwezi na mwingine Mbooni, wanaosema walikuwa na babu mmoja, wanaweza kupima dai lao wakiwa hai. Njia ya mama inafuatwa na vinasaba vya mitokondria, na hapo mbai haina la kusema, kwa kuwa mama hutoka ukoo mwingine kila kizazi. Ni njia ambayo simulizi zetu ziliisahau mapema mno. Wengi wetu tunajua mababu watano wa kiume na hatujui jina la mama wa nyanya.

Hapa ndipo mtu anapaswa kutulia kabla ya kununua kipimo. Ukambani kuna iweto. Mwanamke asiyejaliwa mtoto, au asiye na mwana, hulipa mahari na kuoa mwanamke, ili nyumba yake isizimike. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba hiyo, wa jina la mume wa yule mama aliyeoa, na wa mbai yake. Huzikwa huko, hurithi huko, hutajwa huko. Mjukuu wa iweto akipima leo kromosomu Y atakuta haifanani na ya binamu zake, na mtu asiyejua desturi atatangaza kwamba kulikuwa na siri, usaliti, au mtoto wa kuokota. Hapakuwa na siri yoyote. Mbuzi walitolewa mchana kweupe, wazee wakala, wakashuhudia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri la mirathi la familia ya Wanandi, ambao wana desturi inayofanana na hii, iliitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke kuwa chanzo halali cha urithi. Kwangu mimi, mtoto wa iweto ni wa mbai yake sawasawa na mwingine yeyote, na anayechora mti wa ukoo hana ruhusa ya kumwandika pembeni kwa sababu ya karatasi ya maabara. Mwandike anapostahili. Kisha, ukitaka, weka alama kwamba njia ya damu inapita pengine. Mti unaweza kubeba yote mawili.

Je, wajua ni kwa nini kipimo cha kampuni ya ng'ambo kinaweza kumwambia Mkamba mambo ya jumla jumla? Asilimia wanazotoa ni ulinganisho na watu waliokwisha kupimwa, na Ukambani haijapimwa sana. Katika mradi mkubwa wa kimataifa wa HapMap Kenya iliwakilishwa na makundi mawili: Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa. Ukisoma kwamba wewe ni sehemu "Mluhya", mara nyingi ni kwa sababu Mluhya ndiye jirani wa karibu aliyekuwemo kwenye orodha. Tumaini zaidi sehemu ya matokeo inayoorodhesha ndugu: mtu halisi, aliyerithi vipande vilevile ulivyorithi.

Vinasaba vya kale navyo vinasogea karibu na kwetu. Mifupa ya Lukenya, Machakos, ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, imo katika utafiti wa 2019 juu ya wafugaji wa kwanza wa eneo hili. Na mwaka 2023 ulitoka utafiti wa watu 80 wa kale, wengi wao wa Pwani, ukiongozwa kwa upande wa akiolojia na Chapurukha Kusimba. Wengi walikuwa na mama wa Kiafrika na mababa waliotoka Uajemi, wakichanganyika tangu karibu mwaka 1000, kama masimulizi ya Washirazi yalivyoshikilia siku zote huku wasomi wengi wakiyapuuza. Katika utafiti huohuo walipimwa watu wa Makwasinyi, karibu na Kasigau, kilomita mia hivi kutoka baharini: asili yao karibu yote ni ya Kiafrika.

Je, wajua kwamba kipimo cha nasaba kimeshaingia mahakamani kwa ajili ya watoto wa Kenya? Pande za Nanyuki, walikofanyia mazoezi askari wa Uingereza, vijana waliokua bila kumjua baba walipimwa, vinasaba vyao vikalinganishwa na hifadhidata za kibiashara, akapatikana binamu, kisha baba. Mahakama Kuu ya Uingereza imeshawatambua baadhi ya mababa hao. Kilichowezesha yote ni Waingereza waliopima kwa sababu zao wenyewe, bila kuwaza kwamba wana ndugu Laikipia.

Hilo lina upande wake mwingine. Kampuni ya 23andMe, yenye wateja kama milioni 15, ilidukuliwa 2023 na taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikachukuliwa, Machi 2025 ikaomba ulinzi wa ufilisi, na mali yake, vinasaba vikiwemo, ikauzwa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inavihesabu vinasaba kuwa data nyeti, lakini seva iko mbali na mate yameshatumwa. Na mate hayo si yako peke yako: yana nusu ya mama yako, robo ya nyanya, na mengi ya ndugu zako. Waite kabla ya kujaza fomu. Mkubaliane nani atashika neno la siri, kama mzee wa miaka tisini apimwe kwanza kwa kuwa damu yake iko kizazi kimoja au viwili nyuma ya yenu, na akitokea ndugu msiyemtarajia, nani ataambiwa kabla ya wengine.